Ufa Nisiouziba

Jumamosi Kiboriloni, marobota ya mitumba hayajafunguliwa,
nilinunua chaja ishirini na moja zilizokufa,
kila moja mia mbili, ndani ya kiroba cha sembe.
Muuzaji akaniuliza, dada, unakwenda kuzika?
Nikasema kuzika, na kubatiza.

Sista Ndelilio, wa zahanati kule Kibosho,
ana kipima joto cha watoto njiti.
Waya wake hubandikwa unyayoni usiku na mchana.
Kigeuzi kinachokilisha umeme kimeungua.
Kipya, kwa bei ya Arusha, laki mbili na themanini.
Zahanati ina elfu tano na mkungu wa ndizi.

Nachemsha transfoma kwenye sufuria
mpaka gundi ilegee, feraiti ziachane.
Nafumua waya wa kiwandani, nazungusha wangu:
mia na ishirini, upande wa ukutani.
Nahesabu Kichagga hadi kumi, kisha Kiswahili,
na mteja wa pasi akipiga hodi nikiwa sabini na nane
nafumua zote, naanza moja.

Halafu utepe wa njano, tabaka tatu.
Si mbili.
Juu yake mizunguko tisa minene, upande wa mtoto.
Mkwe na mkwe hawa:
watapeana kila kitu, mikono haitagusana.

Wahenga walituonya habari ya ufa na ukuta.
Lakini hapa, kati ya feraiti na feraiti,
naweka kipande cha risiti ya luku, unene wa unywele,
nauacha ufa makusudi,
kwa maana nguvu haikai kwenye chuma,
hukaa pale palipopungua kitu,
hujikusanya, hushika pumzi,
ndipo huruka ng'ambo.

Ufa wa pili naukata kwa msumeno kwenye bodi,
milimita nane, chini ya tumbo la transfoma,
maana masika ya Kibosho huingia hata kabatini
na tone la umande likikutana na vumbi
tayari ni daraja.

Jicho la mwanga, la kuvusha habari, ni mia nane: nimeliacha.
Koili ndogo ya tatu, huku huku ukutani,
inasoma volti za ng'ambo kwa mwangwi tu.
Ile kapasita ya buluu, inayokusisimua vidole
ukigusa simu iliyoko kwenye chaji, nimeing'oa.
Anayelipia hilo ni Mlay, fundi viatu wa mlango wa pili:
kila nikiwasha, redio yake inakoroma
katikati ya matangazo ya vifo.
Hatusalimiani tangu Jumanne.

Kigeuzi cha kwanza kilipasuka saa nne na robo,
kikazima umeme hadi kwa kinyozi;
mtu akaenda harusini na nusu ya kichwa.
Cha pili kilipiga mluzi, kikachemka.
Cha tatu kilikaa kimya. Nikakiogopa zaidi.

Nikaazima kwa Elineema ile mita ya kupima kinga,
nikabana mdomo mmoja huku, mmoja kule,
nikatuma volti elfu moja.
Mshale haukutikisika.
Nikarudia baada ya chai. Haukutikisika.

Kibosho mvua ilikuwa inanyesha ya kulala.
Mtoto alikuwa na siku nne, hajapewa jina,
unyayo wake haufiki kidole changu cha gumba.
Sista akashika waya, nikamwambia, subiri.
Nikavua viatu. Nikakanyaga sementi yenye maji.
Nikagusa ule upande wa tisa
kwa mgongo wa mkono, mwenyewe kwanza.

Hakuna kitu.

Sista akauliza, kinafanya kazi?
Nikatazama namba nyekundu, thelathini na sita nukta mbili,
nikashindwa kumweleza kwamba nilichotengeneza
ni hicho hasa nilichokigusa:
hakuna kitu, upana wa milimita nane,
kwa shilingi elfu nne na mia tatu.

Chenji nikamnunulia Mlay betri.